Sukari Ikiyumba, Usianze na "Umekula Nini?"

Nina kisukari aina ya kwanza tangu mwaka 2003, nilipokuwa na miaka 12. Ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani, Tanga mjini. Kwa miaka yote hii, kila sukari inapopanda naulizwa swali lile lile. Marehemu mama aliniuliza, mume wangu huniuliza, hata mteja ninayempima mabega huniuliza: "Kwani umekula nini?"

Na mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Nikiamka na 16, namsingizia muhogo wa jana. Nikapunguza wali, nikaacha maembe, nikawa naogopa hata uji, na bado mashine ya kupimia sukari ikanisomea 5 leo, 18 kesho, 3 keshokutwa, kwa chakula kile kile. Nililia sana kipindi kile. Mpaka siku moja muuguzi mmoja mtu mzima akaniambia: "Mwanangu, habari za chakula chako nimeshazisikia. Hebu niambie, insulini yako inalala wapi? Unaichoma wapi? Saa ngapi unachoma, na saa ngapi unakula?" Sikuwa na jibu la maana hata moja.

Ninayoyaandika hapa yametokana na maswali yale. Namwandikia mwenzangu wa aina ya kwanza anayetumia chupa na bomba la sindano, na vijiti vya kupimia vya kuhesabu. Idadi ya yuniti zangu sitakutajia, kwa sababu dozi ni kama kipimo cha gauni, langu halitakukaa. Dozi ibadilishe na daktari wako. Namba za sukari ni zile za mashine zetu, zile ambazo 5 ni nzuri na 15 ni kubwa.

Kuyumba kwenyewe kunatoka wapi? Kongosho la mtu asiye na kisukari linatoa insulini kidogo kidogo kila dakika, na sukari ikianza kushuka linapunguza. Sisi tunachoma kwa mkupuo, kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na ikishaingia hairudi. Dozi ile ile, kwa mtu yule yule, leo inaweza kuingia kwenye damu haraka na kesho polepole, hasa ile insulini nyeupe yenye ukungu. Kwa hiyo kuna kuyumba ambako si kosa la mtu yeyote. Mashine nazo zina uhuru wao: hata iliyo nzuri inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15 hivi, yaani ikikuonyesha 10, kweli yaweza kuwa 8.5 au 11.5. Usipoteze usingizi kwa tofauti ya 9 na 10. Tunachokitafuta ni yale mayumbo makubwa, ya 4 kwenda 19, na hayo mara nyingi yana mlango yalipoingilia.

Anza na chupa

Insulini ni protini. Joto linaiharibu, na barafu pia inaiharibu. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Ikishafunguliwa inaweza kukaa nje kama wiki nne, aina nyingine sita. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi, itakuambia na joto lisizidi ngapi, 25 au 30. Tanga ya Januari na Februari, chumba cha bati kinavuka 30 kabla hata ya adhuhuri.

Mwaka niliofungua kibanda changu sikuwa na friji. Nilikuwa naweka kwa jirani, mama mmoja mkarimu anayeuza barafu na juisi ya ukwaju. Siku moja vitu vikapangwa upya, chupa yangu ikasukumwa hadi kwenye ukuta wenye barafu. Jioni nikaikuta imeganda nusu. Nikaiacha iyeyuke, nikaendelea kuitumia, maana chupa ni pesa. Siku tisa sukari haikushuka chini ya 15, na siku tisa zote nilikuwa nakula mchicha na samaki wa kuchoma nikidhani tatizo ni tumbo langu. Siku ya kumi nikaiinua chupa dirishani kwenye jua la asubuhi. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshika kwenye kioo kama chenga za sabuni kwenye beseni. Nikaizungusha, hazikubanduka.

Tangu siku hiyo kila chupa naiangalia dirishani kabla ya kuvuta dawa. Insulini nyeupe iliyo nzima, ukiizungusha inakuwa sawa yote kama maziwa, bila madonge. Ile isiyo na rangi iwe safi kama maji. Ikiwa na ukungu au vijiuzi, itupe. Lakini kuna inayoharibika na isionyeshe dalili yoyote kwa macho. Ndiyo maana sukari ikinipanda siku mbili mfululizo bila homa wala sababu ninayoiona, nafungua chupa mpya kabla sijafikiria kuongeza dozi. Na chupa mpya naanza nayo kwa dozi yangu ya kawaida. Ukiwa ulishaongeza yuniti kupambana na dawa mbovu, halafu ukazichoma zile zile kutoka chupa nzima, utaanguka.

Siku hizi nina vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati nimejaza mchanga. Mchanga naumwagia maji asubuhi na jioni, juu nafunika kitambaa cha pamba kilicholowa. Chupa ipo ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko ili isiguse maji. Vyungu vikae kivulini penye upepo, kwa sababu maji yanapokauka ndipo yanapochukua joto. Kule Dodoma kwenye hewa kavu chungu kinapoza vizuri zaidi kuliko huku pwani kwetu kwenye unyevu, ila hata hapa kinaokoa nyuzi kadhaa. Nimeweka kipimajoto kidogo humo ndani ili nisiwe nakisia. Safarini, chupa haiendi kwenye buti la basi. Naisuuza chupa ya chai kwa maji baridi, naikausha, naweka insulini humo bila barafu, naipakata.

Jambo moja zaidi la chupa, dogo lakini lilinisumbua miaka: ile nyeupe, na ile ya mchanganyiko, hutuama. Izungushe kati ya viganja mara kumi, kisha ipindue juu chini taratibu mara kumi. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Usipoichanganya, mwanzo wa chupa unavuta dawa nyepesi na mwisho wa chupa unavuta dawa nzito, halafu unashangaa kwa nini wiki ya kwanza na ya nne hazifanani.

Kisha kagua ngozi yako

Mimi nakaa kwenye cherehani kutwa nzima, na mkono wangu wa kulia ndio mwepesi. Kwa hiyo kwa miaka kama minane nilichoma upande wa kulia wa kitovu, pale pale, bila hata kuangalia. Pakafa ganzi, nikafurahi kwamba hapaumi. Yule muuguzi alipoweka vidole vyake viwili na kubonyeza, nikahisi kitu kama donge la unga ndani ya ugali usiosongwa vizuri. Mafuta yalikuwa yamevimba na kukakamaa. Ukichoma kwenye donge kama lile, leo insulini inabaki humo humo, kesho inatoka polepole, keshokutwa inamwagika yote kwa pamoja. Hakuna chakula duniani kitakachotulia na sindano ya namna hiyo.

Jikague ukiwa unaoga, ngozi ikiwa na sabuni, kwa kiganja bapa, ukiteleza polepole tumboni na mapajani. Donge utalihisi kabla hujaliona. Ukilipata, liache lipumzike miezi.

Ukihama kutoka kwenye donge kwenda kwenye ngozi nzima, dozi ile ile itakuwa na nguvu kuliko ulivyozoea. Mimi siku ya kwanza nilishuka hadi 3.1 kabla ya mchana. Zungumza na kliniki yako kwanza wapunguze dozi, na wiki hiyo upime zaidi ya kawaida.

Ninavyozungusha sasa ni kifundi. Tumbo nimeligawa vipande vinne kama kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kila kipande wiki yake, vidole viwili mbali na kitovu, na kila sindano inasogea upana wa kidole mmoja kutoka ya jana. Tumboni insulini inaingia haraka kuliko pajani. Kwa hiyo ya kabla ya chakula naichoma tumboni, na ile nyeupe ya usiku naichoma pajani. Asubuhi pajani sichomi kabisa, kwa sababu cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na mguu unaofanya kazi unaifyonza insulini kwa kasi. Kama wewe unaendesha baiskeli au unalima, fikiria hivyo hivyo kuhusu kiungo unachokitumia. Ukishasukuma dawa yote, hesabu moja hadi kumi kabla ya kuchomoa. Tone likibaki linang'aa juu ya ngozi, hizo ni yuniti zilizopotea.

Saa ya sindano na saa ya sahani

Insulini isiyo na rangi ya chupa zetu za kawaida inaanza kazi baada ya kama nusu saa, nguvu yake iko kati ya saa la pili na la nne, na mabaki yake yanaendelea hadi saa la sita au la nane. Ile nyeupe inaanza baada ya saa moja na nusu au mawili, inapanda nguvu kuanzia saa la nne, na nguvu hiyo inaweza kufika la kumi na mbili. Ya mchanganyiko ina zote mbili ndani. Kwa hiyo sindano ya mchanganyiko ya saa moja asubuhi ina msukumo wa pili mchana. Ukiruka chakula cha mchana kwa sababu mteja amekuja na harusi yake, msukumo ule hauji kukuuliza kama umekula.

Mimi nilikuwa nachoma huku nakula, au baada ya kula. Sukari ya chakula ilikuwa inatangulia, insulini inakuja nyuma: saa mbili baada ya kula nina 17, saa tano baadaye nina 4. Nilidhani ni sukari ya ajabu. Kumbe vilikuwa vinapishana njiani.

Kuchoma nusu saa kabla ya kula ni rahisi kukusema kuliko kukufanya jikoni kwa mkaa. Nikichoma halafu mkaa ukagoma, nashuka kabla ya sahani. Nikapata alama yangu: wali. Nazi ikishakauka, nikishaufunika na kuweka makaa juu ya kifuniko, ndipo nachoma. Wali wa kupalia unataka dakika zake ishirini na kitu kukauka, na hapo hakuna tena la kuharibika. Chakula kipo, kimebaki kupakuliwa. Siku ya ugali nachoma maji yanapochemka. Ukila kwa mama ntilie, choma pale anapokuambia chakula kimeiva, si pale unapotoka nyumbani. Na kama tayari uko chini ya 4, tibu kwanza kushuka, kisha ule, habari ya nusu saa iache.

Sasa chakula, lakini kwa kipimo

Chakula kina nafasi yake, sikatai. Ila tatizo langu halikuwa wali, lilikuwa wali wa kukadiria. Leo vijiko vitatu, kesho sahani imejaa, insulini ile ile. Nilinunua bakuli moja dogo la plastiki la bluu. Wali wangu ni bakuli moja limesawazishwa kwa mwiko, popote. Nikialikwa naenda nalo kwenye mkoba, na nimeacha kuona haya. Kikombe kimoja cha kawaida cha wali ulioiva kina kama gramu 45 za wanga. Hizo ndizo insulini inazopaswa kukutana nazo, na haiwezi kukutana nazo kama kila siku zinabadilika.

Chakula cha mafuta mengi kinachelewa. Pilau, chipsi mayai, chapati za mafuta, wali wa nazi nzito: ukipima saa mbili baadaye unaona 8 unafurahi, saa tano baadaye una 16. Usidhani mashine imeharibika. Ukijua hivyo, siku ya pilau pima kabla ya kulala hata kama kipimo cha baada ya kula kilikuwa kizuri. Chai ya sukari na juisi ni kinyume chake, zinapanda ndani ya dakika chache. Mimi nimezibakiza kuwa dawa ya kushuka tu.

Usichome juu ya sindano ambayo bado inafanya kazi

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, nguo za Idi zimejaa mpaka chini ya meza. Saa moja usiku nikapima, 19.4. Nikachoma ya haraka, ile isiyo na rangi. Saa tatu nikapima tena, 17. Nikakasirika. Nikasema hii dawa haifanyi kazi, nikachoma nyingine kiasi kile kile, nikarudi kupiga lupu vifungo vya kanzu. Saa sita usiku mdogo wangu aliyekuwa ananisaidia aliniona nashona mahali hapana kitambaa. Sindano inapanda na kushuka hewani, na mimi naendelea kukanyaga. Gauni langu limelowa jasho mgongo mzima. Alinipima yeye: 2.3. Alinitengenezea maji ya sukari, nikanywa kikombe, nikanywa na soda nzima, nikala mkate nusu, kwa ile njaa ya kutetemeka ambayo aliyeipitia anaijua. Asubuhi nilikuwa na 21.

Hakuna chakula kilichofanya vile. Sindano ya kwanza ilikuwa bado haijafika hata nusu ya kazi yake nilipoiongezea ya pili, na zote mbili zikafika pamoja usiku wa manane. Sasa nina sheria: baada ya sindano ya haraka sichomi nyingine ya kurekebisha mpaka saa nne au tano zimepita, isipokuwa daktari ameniambia vingine. Nikitaka kufanya kitu, nakunywa maji, natembea kidogo kama sina homa, nasubiri. Kiasi cha kurekebisha muulize daktari wako akupe namba yako mwenyewe, yaani yuniti moja inakushusha kwa kiasi gani. Uwe nayo imeandikwa. Usiitafute ukiwa na hasira.

Ukiamka na sukari juu

Kuna sababu mbili kubwa na tiba zake zinapingana, kwa hiyo usibahatishe. Moja ni kwamba kuanzia alfajiri mwili unaachia homoni za kukuamsha, ini linamwaga sukari, na insulini ya jana usiku imeshachoka. Nyingine ni kwamba usiku ulishuka, ukaamka ukala kupita kiasi, au hukuhisi ukalala nayo na mwili ukajitetea wenyewe. Weka saa ya simu iite saa tisa usiku, pima, fanya hivyo siku tatu. Ukiwa juu au sawa saa tisa, mweleze daktari, pengine ile ya usiku inahitaji kuongezwa au kusogezwa karibu na kulala. Ukiwa chini ya 4 saa tisa, kuongeza dozi ni hatari, inahitaji kupunguzwa.

Homa, hedhi, na mambo ya mwezi

Siku mbili tatu kabla ya hedhi sukari yangu hupanda bila kuomba ruhusa, na hedhi ikianza inashuka ghafla. Miaka mingi hakuna aliyeniambia. Dada, weka alama kwenye daftari, miezi mitatu utaliona umbo lake.

Homa inapandisha. Malaria, jino, jipu, mkojo mchafu, vyote. Kosa linaloua watu wetu ni kuacha insulini kwa sababu "leo sijala". Ukiwa mgonjwa na huli, ile nyeupe ya muda mrefu usiiache kabisa, kwa sababu mwili usio na insulini unaanza kuchoma mafuta na kujaza asidi kwenye damu. Dozi yaweza kupunguzwa au kuongezwa, lakini sifuri haipo. Pima kila saa tatu au nne, kunywa maji sana. Ukiwa juu ya 14 na hali si nzuri, nenda wakakupime ketoni, yaani asidi hiyo. Ukitapika bila kukoma, tumbo likikata, ukipumua kwa kina na haraka kama aliyepanda mlima, mdomo ukinuka kama matunda yaliyoiva sana, hapo si pa kusubiri asubuhi. Twende hospitali usiku huo huo, na sema mlangoni kabisa: nina kisukari aina ya kwanza.

Ramadhani mimi sifungi. Mgonjwa ameruhusiwa, nami natoa fidia. Mwenzangu anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla, na ajue kwamba akiwa chini ya 3.9 au juu ya 16 anafungua papo hapo. Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi funga. Muulize shehe wako, uwe na amani.

Vijiti vikiwa vichache

Kopo la vijiti 50 lazima nilinyooshe. Zamani nilikuwa napima kila asubuhi tu, moja moja, na nilikuwa sijui lolote kuhusu saa nyingine ishirini na tatu. Sasa nabana: wiki ikiwa shwari napima mara mbili kwa siku, lakini saa zinabadilika, leo kabla ya chakula cha asubuhi na kabla ya kulala, kesho kabla na baada ya cha mchana. Nikiona mayumbo, natumia vijiti vingi siku tatu mfululizo: kabla ya kila mlo, saa mbili baada yake, kabla ya kulala, na mara moja saa tisa usiku. Siku tatu hizo zinanifundisha kuliko mwezi wa kupima asubuhi.

Nawa mikono kwanza na uikaushe. Niliwahi kupima baada ya kumenya embe, nikapata 22; nikanawa, nikapata 7. Fikiria kama ningechomea ile 22. Toboa ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha, hasa kama unaishi kwa vidole kama mimi. Kifuniko cha kopo kifunge mara moja. Unyevu wa pwani unaua vijiti.

Daftari langu ni lile lile la vipimo vya wateja, nimeligeuza upande wa nyuma. Mistari mitano: saa, sukari, yuniti na mahali nilipochoma, bakuli ngapi, na neno moja la siku ile. "Jua kali." "Hedhi kesho." "Nimepiga pasi kutwa." Lile neno moja ndilo lililonifumbua macho mara nyingi. Na ninapotaka kurekebisha, nagusa kitu kimoja tu, nasubiri siku tatu, ndipo naangalia. Ukipunguza wali, ukahamisha sindano na kubadilisha saa kwa siku moja, hutajua kilichokusaidia.

Kushuka

Chini ya 4 ni kushuka, hata kama unajisikia vizuri. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda, isiwe ile isiyo na sukari. Chokoleti na karanga zinachelewa. Kaa dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda na mlo uko mbali, kula kipande cha mkate au ndizi. Kikombe kimoja na soda nzima na mkate nusu, kama nilivyofanya mimi usiku ule, ndiko kunakozaa 21 ya asubuhi. Huna kijiti na unatetemeka? Kunywa sukari kwanza, mengine baadaye.

Ukishuka mara kwa mara, mwili unazoea na kuacha kukuonya: hakuna jasho, hakuna kutetemeka, unazima tu. Hiyo ikikutokea mwambie daktari mapema. Kwa wengi, wiki chache za kuepuka kabisa kushuka zinarudisha zile dalili.

Anayeishi nawe ajue mambo mawili. Ukiwa bado unameza, akupe sukari bila kubishana nawe, maana tukishuka tunakuwa wakali. Ukiwa umezimia, asikumiminie kitu mdomoni wala asikuchome insulini. Akulaze ubavu, na akukimbize hospitali.

Kibandani kwangu sukari iko kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko chekundu, rafu ya chini, karibu na nyuzi nyeusi. Msichana akija kujifunza ufundi, siku ya kwanza namwonyesha lile kopo, nampa kijiko na kikombe anichanganyie nione. Mkasi anaushika kesho yake.